Nini Imepita kwa Koo?

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa, nikapewa saa ya ukutani na hotuba mbili. Saa inatembea vizuri. Baada ya soda, vijana wa chumba cha upasuaji walinizunguka wakataka kujua zamani tulifanyaje kazi bila mashine. Nikawaambia nitaandika. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, yana wenyewe wa kuyasimulia na huwa hawachoki. Mimi nitaandika juu ya kazi ya kulaza watu usingizi kabla hawajapasuliwa, na juu ya mzee aliyenifundisha kazi hiyo, na siku ambayo ilinibidi nimkatalie.

Nilishuka Isiolo kutoka Meru nikiwa na miaka ishirini na minne, cheti cha udresa, yaani cha kufunga vidonda, mfukoni na koti la sufu mwilini. Koti nililivua siku hiyo hiyo, sikulivaa tena mpaka nilipokwenda likizo. Ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, waasi wa kaskazini. Magari ya kwenda kaskazini yalisafiri kwa msafara tu, askari mbele na askari nyuma. Jua likizama kila mtu alikuwa ndani. Na kila kitu tulichokosa hospitalini, kuanzia pamba hadi utambi wa stovu, tuliambiwa kiko njiani na msafara. Nilifika mahali pa kuamini kwamba kuna msafara mmoja mkubwa umekwama kichakani, na ndani yake mna kila kitu nilichowahi kuomba kwa maandishi.

Hospitali yetu ilikuwa wodi mbili, jiko, na chumba cha upasuaji chenye paa la mabati. Daktari alikuwa mmoja, mgeni kutoka ng'ambo, mtu mwema ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha maagizo tu: leta, shika, kata, toa. Mtu wa usingizi alikuwa Mzee Halake, Mborana aliyejifunzia kazi jeshini wakati wa vita vya Wazungu, akarudi nyumbani na medali moja na kelele nyingi.

Siku yangu ya kwanza aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni, akaniuliza, "Wewe Mmeru, umeshalaza mtu?"

Nikasema bado.

"Kulaza ni rahisi. Hata DC akisimama kuongea, watu wanalala. Kazi ni kuamsha."

Vifaa vyetu vyote vilienea kwenye sinia moja. Kulikuwa na kofia ya waya ya kufunika pua na mdomo, ambayo juu yake tulitandaza shashi. Sisi tuliiita kichujio, na mpishi wa kwanza aliyeiona aliiomba kwa ajili ya chai. Kulikuwa na chupa ya etha yenye kizibo kilichochongwa mfereji pembeni, ili dawa idondoke tone kwa tone. Etha ni dawa ya nchi za baridi. Kwa joto la Isiolo ilitaka kupaa yenyewe kabla haijafika kwa mgonjwa, kwa hiyo chupa tuliiweka ndani ya ndoo ya mchanga uliolowa, na mimi ndiye niliyekuwa namwagilia mchanga huo asubuhi na mchana kama bustani ya sukuma wiki. Saa nane mchana, mabati yakipasha, harufu yake ilitulegeza sote. Nzi walidondoka. Daktari alipiga miayo. Mzee Halake alikuwa anaimba kwa sauti ya chini ili ajue kama yeye mwenyewe bado yuko macho, na akikosea maneno ya wimbo alinituma nifungue dirisha.

Kwa kidole tumbo, ambacho ninyi mnakiita apendiksi, tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni nusukaputi, yaani hiyo etha: mgonjwa analala kabisa, tumbo linalegea, daktari anafurahi. Ya pili ni ganzi ya mgongo: sindano moja kati ya mifupa ya kiuno, na kuanzia juu kidogo ya kitovu kwenda chini mwili unakuwa si wake, lakini kichwa kiko macho na kinauliza maswali. Ya tatu ni kuchoma ganzi pale pale pa kupasua, safu kwa safu, na kumwomba Mungu. Hiyo ilikuwa ya mtu dhaifu asiyeweza kustahimili zile mbili. Jina la nusukaputi lenyewe lilitusumbua. Askari jela mmoja aliikataa katakata. "Kila kitu ya serikali ni nusu," alisema. "Nusu mkate, nusu sabuni. Usingizi mimi nataka yote." Mzee Halake akamwahidi usingizi mzima, na akampa ile ile.

Sheria kubwa ilikuwa moja: mwenye tumbo lililojaa hapewi etha. Akilala, koo nalo linalala, na kilicho tumboni kikipanda hakuna wa kukizuia kisiingie mapafuni. Mtu anaweza kuzama katika chakula chake mwenyewe juu ya meza kavu. Sheria hiyo niliijua kutoka darasani, na ndiyo sababu mwezi wangu wa kwanza nilikaribia kumuua mtu nikiwa nimefuata sheria.

Alikuwa mchunga ngamia wa upande wa Kinna, mwenye ngiri. Nilimuuliza, "Umekula?" Akasema, "Sijala tangu jana." Nikamwamini, na alikuwa anasema kweli. Tulimpa etha, akalala, na muda si muda akaanza kukoroma vibaya, midomo ikabadilika rangi. Mzee Halake aliangusha kichwa cha meza chini, akamgeuza mtu yule ubavu kwa mkono mmoja, na maziwa ya ngamia yakamwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vya Daktari. Tulimfuta koo, tukampiga mgongoni, akarudi.

Mzee hakunigombeza. Alinipeleka barazani akaniketisha.

"Huyo hajakudanganya," akasema. "Hajala. Amekunywa. Kwa sisi Borana maziwa hailiwi. Kwa nyinyi Wameru, miraa inaliwa?"

"Inatafunwa, mzee."

"Umeona? Na wewe ukikosa githeri, hata ukipewa mkate mzima, jioni unasema nini?"

Nilifikiri kidogo. "Nasema sijala."

"Basi hii neno kula tupa huko. Usimuulize mtu kama amekula. Muulize, nini imepita kwa koo tangu jana? Maji, chai, maziwa, dawa ya mganga, hata mate ya miraa. Koo haijui lugha."

Tangu siku hiyo swali hilo lilikuwa letu. Wakati ule tulilaza askari wa kambi ya Burat kitanda kimoja, na kitanda cha pili wachungaji ambao hakuna aliyejua walikuwa wanachunga nini. Mara kwa mara afisa alikuja na daftari akitaka kumhoji mgonjwa kabla hajapasuliwa, ametoka wapi, anamjua nani. Mzee Halake alimsimamisha mlangoni. "Nyinyi mna maswali yenu mingi," alimwambia. "Sisi tuna moja, na yetu inaanza." Nilimpenda mzee yule kwa neno hilo, na sioni haya kulisema. Nje watu walikuwa wanauana kwa sababu ya jibu la swali la wewe ni wa nani. Ndani, yeye alitaka tu kujua umekunywa nini.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mwaka wangu wa tatu, asubuhi moja, Mzee Halake aliingia kazini ameinama. Nilidhani ameangusha kitu, nikaanza kumsaidia kutafuta. Alikuwa ameshika tumbo upande wa kulia. Daktari alimlaza kitandani, akabonyeza pale chini ya kitovu upande wa kulia, akaachia ghafla, na Mzee akatoa neno la Kiborana ambalo sitalitafsiri kwa kuwa wajukuu zangu pia watasoma.

"Kidole tumbo," Daktari akasema. "Kata leo."

Hapakuwa na pa kumpeleka. Gari la hospitali lilikuwa limeondoka alfajiri na msafara wa Garba Tulla, na kurudi kwake ni Mungu tu aliyejua. Kidole kilikuwa kimevimba tangu siku iliyotangulia. Tukingoja kingepasuka, na kikipasuka tungemzika. Mganga hajigangi. Mtu mmoja tu pale alijua vizuri kulaza wagonjwa, na ndiye alikuwa kitandani. Aliyebaki ni mimi.

"Wewe," Daktari akanielekezea kidole. "Chagua dawa. Upesi."

Kabla sijafungua mdomo Mzee alikuwa ameshachagua. "Etha," akasema. "Nusukaputi mpaka mwisho. Sitaki ya mgongo."

Nilishangaa, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wagonjwa kwamba ganzi ya mgongo ni kama kukaa sinema. Akanivuta shingo nisogee karibu. "Kirimi, mimi nimekaa hapo kwa kichwa ya meza miaka mingi. Najua huyo Daktari akifungua tumbo, saa ingine anasema 'aha'. Sijawahi kusikia 'aha' nzuri. Mimi sitaki kuwa macho nikingoja yangu."

Alikuwa anaogopa. Mtu aliyewashika mikono mamia ya waoga alikuwa anaogopa kuliko wote, kwa sababu alijua kila kitu. Mkuki kwa nguruwe mtamu; methali hiyo sikumwambia, hasa kwa ajili ya nguruwe. Daktari naye aliunga mkono etha haraka sana. "Halake macho, Halake ongea," akasema. "Etha nzuri."

Kwa hiyo wote wawili wakubwa wangu walikuwa wamekubaliana. Na mimi nikafanya kosa ambalo nisingelifanya kwa mgonjwa mwingine yeyote. Yule alikuwa mwalimu wangu, mtu wa umri wa baba yangu. Unamuulizaje mzee kama huyo nini kimepita kooni mwake, kama mtoto aliyeiba sukari? Nikamuuliza kwa adabu, macho chini:

"Mzee, umekula?"

"Sijala," akajibu.

Nikaenda kutoa chupa ya etha kwenye mchanga.

Ndoo ilikaa barazani kivulini, na kwenye benchi kando yake alikuwa ameketi mke wake, Mama Qabale, amefunga mdomo kwa kona ya leso, macho mekundu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akaniinulia kibuyu, kile cha Waborana kinachofukizwa moshi, akakipindua juu chini nione. Hakikudondosha hata tone.

"Angalau nimemnywesha maziwa," akasema. "Asubuhi alilia uchungu, nikampa ya ngamia. Alimaliza yote. Watu wasiseme Halake alienda kukatwa na mke wake hakumpa kitu."

Nilisimama pale na chupa mkononi, mchanga ukinidondokea viatuni. Halafu nikairudisha chupa kwenye ndoo na nikaingia ndani.

Mzee alikuwa ameshapandishwa mezani. Nikasimama mbele yake, safari hii nikamtazama usoni. "Mzee. Nini imepita kwa koo tangu jana?"

Aliangalia ukuta. "Nilikwambia sijala."

"Sikuuliza kula."

"Hiyo swali ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

"Nilikuwa mjinga," akasema.

"Mzee, Mama Qabale amenionyesha kibuyu."

"Hiyo mwanamke!" Alifumba macho. "Ni kidogo tu, Kirimi. Imeshashuka hiyo. Nakuamuru. Mimi ni mkubwa wako. Leta etha."

Maziwa hayashuki tumbo likiwa na ugonjwa ule. Hilo nalo alinifundisha yeye. Nikamwambia hapana. Sikuwahi kumwambia mzee yeyote hapana, hata nyumbani. Alinitukana kwa Kiborana, akamalizia kwa Kiswahili ili nisikose kitu: kwamba sina adabu, kwamba Wameru wote hawana adabu, kwamba angejua angenirudisha mlimani siku ile ile na koti langu.

Daktari aliingia akitoka kunawa. "Etha wapi?"

"Hakuna etha, Daktari. Maziwa. Mingi." Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa kibuyu, labda nikaongeza kidogo.

Alimtazama Mzee, akanitazama mimi. "Mgongo," akasema. "Wewe choma."

Tulikuwa na ampuli mbili tu za ganzi ya mgongo; za ziada, kama kawaida, zilikuwa njiani na msafara. Nilikuwa nimeshachoma migongo sita au saba, kila mara mkono wa Mzee ukiwa juu ya wangu. Tulimketisha ukingoni mwa meza, mgongo umepinda, kidevu kifuani. Nikapaka dawa, nikahesabu mifupa, nikaingiza sindano. Ikagonga kitu kigumu.

"Hiyo ni mfupa," mgongo ukasema. "Toa kidogo. Elekeza juu, kwa kitovu. Wewe unachimba kisima?"

Nikatoa kidogo, nikaelekeza juu.

"Polepole. Utasikia kama karatasi imetoboka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Maji inatoka?"

"Inatoka."

"Safi?"

"Safi kabisa."

"Basi mimi ni mzima, isipokuwa tumbo. Weka dawa, usiharakishe."

Ndivyo mwalimu alivyonifundishia somo la mwisho kwenye uti wake mwenyewe, bado akiwa amenikasirikia. Baada ya dakika chache nilimfinya paja akasema hajasikia kitu, nikamfinya tumbo akasema hajasikia kitu, nikamfinya bega kuhakikisha, akanitukana. Presha ikashuka kidogo, nikafungua dripu zaidi na kumwinua miguu. Tukaanza.

Daktari alikuwa amesema kweli: Halake macho, Halake ongea. Alilalamika kwamba taa ilikuwa mbali. Nesi alikuwa ameshika mkasi vibaya. Mimi sikuwa nimepima presha tangu mwaka jana. "Halake," Daktari akasema, "wewe ni mgonjwa."

"Ndiyo, Daktari, lakini niko kazini."

Kisha Daktari akasema, "Aha."

"Nilisema!" Mzee akapiga kelele. "Kirimi, aha gani hiyo? Uliza ni aha gani!"

Ilikuwa aha ya kukiona kidole, kimevimba lakini hakijapasuka. Daktari alikivuta kukitoa nje, na hapo uso wa Mzee ukabadilika. Kuvuta utumbo huamsha kichefuchefu hata kwa mwenye ganzi. Nilimgeuza kichwa ubavu, nikashusha meza, nikashika beseni. Yakatoka maziwa. Yakatoka tena. Nilidhani yamekwisha, yakatoka mara ya tatu, meupe, na harufu yake ya moshi. Alikohoa kwa nguvu zake mwenyewe, akatema, akavuta pumzi safi. Nilimfuta mdomo.

Alilitazama lile beseni kwa muda mrefu. Daktari naye alinyoosha shingo akaliona, akanitazama juu ya barakoa. Mtu aliyelazwa kwa etha asingekohoa. Sote wanne mle ndani tulilijua hilo, na aliyelijua zaidi ni yule aliyekuwa mezani. Hakutoa tena hata agizo moja. Nilikaza macho yangu kwenye mshipa wa shingo yake unaopiga, nikaona machozi yanaingia sikioni mwake, nikayafuta pamoja na jasho ili nesi asione. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia, lakini nilikuwa na barakoa.

Alipona vizuri. Siku ya nne alianza kugombana na mpishi, tukajua ameshapona. Siku ya sita alitembea mwenyewe mpaka chumba cha upasuaji, amevaa shuka, akataka kitabu cha wagonjwa waliopasuliwa. Nilijaribu kukichelewesha. Kwenye safu ya chakula, mbele ya jina lake, mimi nilikuwa nimeandika "hakula", kumsitiri. Ni mwalimu wangu; kitabu kile kilisomwa na kila mtu.

Alisoma mstari wake kwa kidole. Akaniomba kalamu. Akalikata lile neno kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa herufi zake kubwa za jeshini: ALIKUNYWA MAZIWA. ALIFICHA. Akatia sahihi yake kamili, na cheo.

Kisha akanirudishia kalamu, akafunga shuka vizuri.

"Ile siku ulinikosea adabu," akasema. "Mbele ya Daktari, mbele ya nesi. Hakuna mtoto wangu amenifanyia hivyo."

"Nisamehe, mzee."

"Nikusamehe nini? Endelea hivyo hivyo."